Kaa Yangu, Msisahau

Paukwa!

Mmejibu watatu tu. Wengine midomo imejaa mihogo. Tafuneni, mmeze, nangoja. Haya tena: Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Na wewe shemeji Mbaruku, sogea huku nione macho yako. Jana uliapa mbele ya dada yangu kwamba utasikiliza hadithi mpaka mwisho, na fisi hajafika hata kisimani ulikuwa unakoroma. Leo nimekutafutia hadithi ya kimo chako.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walikuwa bado wanaazimana chumvi na maneno, palikuwa na mlima wenye baridi. Baridi ya mlima ule si hii yenu ya kujifunika kanga moja. Ukungu uliingia majumbani bila hodi na kukaa mpaka mchana. Ng'ambo ya mto kilikuwepo kijiji cha watu, na upande wa huku, juu kidogo, kulikuwa na pango.

Siku moja akaja mtu kutoka mashariki ya mbali. Kichwa amenyoa, kavaa shuka ya manjano, mkononi ana bakuli. Hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na hamu ya kuvipata. Jina lake la kwao lilikuwa refu, na kila aliyelijaribu aliuma ulimi, basi watu wakamwita Babu Manjano. Akahamia pangoni.

Babu Manjano alijifunza lugha yetu ukubwani, na ngeli zilimshinda. Alisema "moto yangu". Alisema "mti kubwa". Alisema "mvua mbaya amekuja". Watoto walicheka wazi, wakubwa walicheka kwa kujifunika midomo, na wote walimpa ugali. Lishikeni hilo la ngeli, maana litatuponza huko mbele.

Wanyama wakaja kumtazama. Wakamuuliza, "Babu, kazi yako nini?"

"Mimi nakaa," akajibu.

"Sote tunakaa, Babu. Mimi nakaa ule mti wa pili," akasema Kima.

"Ninyi mnakaa mahali. Mimi nakaa tu."

Wakaenda kulifikiria. Wakaona mtu huyu ama ana hekima ama ni mvivu, na kwa kuwa mambo hayo mawili kwa mbali yanafanana, wakarudi kutazama kwa karibu. Wakamkuta amekunja miguu, amenyoosha mgongo, anaitazama pumzi yake. Inaingia, anaijua. Inatoka, anaijua. Alisema mwalimu wa walimu wake aliitwa Buddha, na maana yake ni Aliyeamka. "Watu wengi wamelala," alisema, "hata wakiwa sokoni wanauza samaki."

Wanafunzi watatu wakabaki naye.

Wa kwanza Kima. Kima hakuwa mtu wa mambo madogo. Alipanda jiwe, akaita msitu mzima, akaapa: "Kuanzia leo sitalala, sitakula, sitajikuna." Kiapo cha tatu kilikuwa cha kwanza kumshinda. Alikaa kwa nguvu mpaka meno yakauma, akatoa jasho kwenye baridi ile, kila mtu akamsifu. Mwezi ulipoandama hakuonekana. Alikuwa ng'ambo, kwenye mahindi ya Bi Mwanahawa, mama mmoja wa kile kijiji. Mahindi yalipokwisha akarudi, akapanda jiwe lile lile, akaapa kiapo kikubwa kuliko cha kwanza.

Babu Manjano akampeleka penye moto. "Puliza," akamwambia.

Kima akavuta pumzi ya kifua kizima, akapuliza. Majivu yakamrukia machoni, ndimi za moto zikapanda mpaka paa la pango, kuni za siku nzima zikateketea kabla ya chakula cha mchana.

"Umeona?" akauliza Babu Manjano.

"Nimeona, Mwalimu. Nipulize zaidi."

Wa pili Nguchiro. Nguchiro hakuanza kukaa mpaka apate mkeka. Alipopata mkeka hakuanza mpaka apate shanga za kuhesabia pumzi. Alipopata shanga hakuanza mpaka ajue mkeka uelekee wapi. Alikuwa anaelewa sana mambo ya kukaa, na angekueleza vizuri, mradi tu usimwombe akae.

Wa tatu Pimbi. Pimbi mnamjua. Wasema siku ya kugawa mikia mvua ilinyesha, yeye akaona taabu kutoka, akawaambia wenzake, "Nileteeni na wangu." Mpaka leo anausubiri. Pimbi hakuja pangoni kutafuta hekima. Alikuja kwa sababu mle ndani kulikuwa na moto, na hilo hakumficha mtu.

Aliambiwa akae, akakaa. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka, Pimbi akalala. Kichwa kikaanguka kifuani, akashtuka.

"Babu, nimelala."

"Umeamka," akasema Babu Manjano. "Kaa."

Akakaa. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka, Pimbi akalala. Akashtuka.

"Babu, nimelala tena."

"Umeamka tena. Kaa."

Kima na Nguchiro walishika mbavu. "Huyu," akasema Kima, "akifa hatutajua." Pimbi aliona haya. Kila jioni alijisemea kesho haji, na kila asubuhi baridi ilimrudisha. Kwa hiyo alikuja kila siku, akalala kila siku, akaamka kila siku. Hakuna aliyemsifu, na kusema kweli hakukuwa na la kusifu.

Shemeji, uko nasi? Haya.

Masika yakaingia. Si manyunyu, masika yenyewe, ya kuozesha kamba. Kuni zikalowa, hata vijiti vya kupekechea moto vikavimba vikawa laini kama muwa uliotafunwa. Moto uliokuwa unawaka usipozimika ulikuwa mali. Uliozimika hapakuwa na wa kuuwasha.

Siku moja Bi Mwanahawa akaja kavuka mto, jani la mgomba kichwani, maji yanamtiririka.

"Hodi, Babu."

"Karibu, Mama."

"Mama yangu anakata roho, Babu. Kifo chenyewe hakiogopi, anaogopa kuwa peke yake nacho. Mimi nikimshika mkono nalia, na nikilia ananibembeleza yeye. Amesema uje ukae naye."

"Kukaa ndiyo kazi yangu," akasema Babu Manjano, akainuka.

Lakini Bi Mwanahawa hakutoka mlangoni. Alikuwa anakiangalia kifua cha mzee. Kifua kile kilikuwa kibovu, na masika yaliyopita nusura yamzike nacho. Akasema, "Babu, nikwambie ukweli. Mto unajaa. Ukivuka leo hurudi mpaka maji yapungue, na utarudi umelowa mpaka mifupa. Ungebaki kwetu hadi kiangazi."

"Sisi watawa masika tunakaa mahali moja. Nikitoka kwa shida ya mtu, ikiisha narudi."

"Haya. Ukirudi utakuta moto?"

"Nitakuta."

"Usipokuwepo?"

"Basi mtazika mimi hapa hapa. Si mbali kubeba."

Bi Mwanahawa hakucheka. Wanafunzi watatu walikuwa wamesimama pale pale, wamesikia yote. Babu Manjano akajifunga shuka, akashika bakuli, akafika mdomo wa pango. Pale baridi ikampiga kifuani. Akageuka, akawaambia neno la kuagana.

"Kaa," akakohoa. "Yangu," akakohoa tena. "Msisahau."

Akaondoka. Ukungu ukamfunika, wakabaki wanafunzi watatu na neno moja.

Sasa mnaona. Angekuwa mwenzetu angesema "kaa langu", tukajua ni la moto. Angesema "kaa wangu", tukajua ni yule wa mtoni mwenye magando. Yeye kasema "yangu", kakohoa katikati, kaenda zake.

Kima akawa wa kwanza kufasiri. "Liko wazi. Amesema: Kaa! Halafu akasema: Yangu msisahau, yaani mafunzo yangu. Anatutaka tukae kama hatujawahi kukaa."

Nguchiro akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndugu yangu, unasikia neno, huioni hali. Mtu mwenye kifua anahitaji nini? Supu ya kaa. Kaa wa mtoni, mnene, ametiwa pilipili. Mwalimu ametuagiza kaa wake." Alipokuwa anafasiri hivyo mate yalikuwa yanamdondoka.

Wakamgeukia Pimbi. Pimbi alikuwa amejikunyata mekoni.

"Mimi nadhani ni kaa la moto," akasema.

"Kwa hoja gani?"

"Nasikia baridi."

Wakamcheka. "Tafsiri hiyo haina kina," akasema Kima, akatoka.

Nguchiro akashuka mtoni. Akakamata kaa wa kwanza, akamgeuza tumbo juu. "Huyu mdogo kwa mzee," akasema, akamla. Akakamata wa pili. "Huyu ana gando moja, ni dharau kumpa mwalimu," akamla. Akakamata wa tatu, mnene, magando kamili. "Huyu simwamini mpaka nimwonje," akamwonja mpaka akaisha. Akasema atatafuta mwingine aliye bora.

Kima akapanda jiwe la juu kabisa kwenye mvua, akanyoosha mgongo, akafumba macho, akakaa. Alikaa kweli, siwezi kumnyima haki yake. Kila baada ya muda alifumbua jicho moja kuona nani anamtazama. Lakini masika nani atoke kumtazama kima juu ya jiwe? Hata kunguru walikuwa wamejificha.

Pangoni Pimbi alikuwa peke yake na moto. Na yeye, kwa woga na kwa upendo, alianza na kosa lile lile la Kima. Aliogopa moto usife, akaupa kuni zote kavu zilizokuwemo. Uliwaka vizuri, pango likawa kama mchana, Pimbi akajiona shujaa. Asubuhi hakukuwa na kuni, hakukuwa na moto, kulikuwa na majivu na kaa moja jekundu.

Akatoka mbio mpaka kwenye jiwe. "Ndugu Kima, nisaidie kuni."

"Usinisumbue. Niko kwenye juhudi."

"Kaa limebaki moja."

"Unaona? Wewe una kaa moja la kukushughulisha. Mimi napigana na ulimwengu wote."

Pimbi akarudi. Akakumbuka wanawake wa kijijini walalavyo na moto wao: hawaupulizi, wanaufukia. Akalifukia kaa ndani ya majivu, akaliacha lipumue kwa tundu dogo. Halafu akatoka kwenye mvua kutafuta kuni. Ndiyo, mvua ile ile iliyomkosesha mkia. Akabandua magome chini ya miti iliyoanguka, akayaburuta kwa meno, akayapanga karibu na meko yakauke. Mwiba ulimwingia mguu mmoja, akachechemea.

Lakini alijijua. Alijua ni mtu wa usingizi, na kuapa kutolala kungekuwa kumwiga Kima. Basi akatumia alichokuwa nacho. Akalala kaupa moto mgongo, karibu kabisa, ili moto ukififia baridi imwamshe. Baridi ilimgusa, akaamka, akajisemea mwenyewe kwa kuwa Babu hayupo: "Umeamka. Kaa." Akaongeza gome, akafukia, akalala. Baridi ilimgusa tena, akaamka, "Umeamka tena. Kaa." Cheche moja ilimrukia mgongoni ikamuunguza ngozi, akapiga kelele, akaongeza gome, akalala. Haikuwa kazi ya kupendeza. Hakuona nuru yoyote, hakusikia sauti yoyote. Aliona majivu.

Masika yakaendelea. Kima akaona pale jiweni utulivu hautoshi, akahamia mahali pengine palipotulia zaidi, ambapo kwa bahati ndizi zilikuwa zimeiva.

Ikafika siku Pimbi aliburuta magome tangu alfajiri hadi mguu ukavimba. Akajilaza kuupa moto mgongo. Safari hii alichoka mno, baridi ikaja ikamgusa, ikamtikisa, ikamwacha. Aliposhtuka meko yalikuwa ya kijivu. Akachokoa majivu, baridi. Akachokoa tena, baridi. Pimbi akalia. Alilia kwa sababu alimpenda mzee yule, na alijua sasa atarudi kufa. Na alijua watu watasema, ah, ni Pimbi, mlitarajia nini.

Akasema, "Nimelala, Babu."

Hakuna aliyemjibu. Mvua tu. Basi akajijibu kwa kunung'unika, si kwa imani, kwa mazoea tu: "Umeamka. Kaa."

Akakaa. Na kwa kuwa alikaa, hakwenda kokote, mkono wake ukachokoa majivu mara ya tatu, na chini kabisa, kwenye jiwe, ukaguswa na kitu cha moto. Kaa dogo kama punje ya mtama.

Akalisogelea. Akipuliza kwa nguvu litaruka lizime. Akiacha kupuliza litazima lenyewe. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka, kaa likang'aa kidogo. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka, likang'aa tena. Pimbi, aliyeshindwa siku zote kuitazama pumzi yake bila kusinzia, sasa hakuipoteza hata moja.

Lakini kaa peke yake halitoshi, lilitaka kitu kikavu, na magome ya siku ile yalikuwa yanavuja maji. Akaangaza pango zima. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, nacho ni kitanda chake: nyasi laini alizozikusanya tangu kiangazi na kuzilalia kila siku. Mwombe Pimbi jicho atakupa, lakini usimwombe kitanda. Akakitazama. Akakivuta, akakitia.

Moto ukashika.

Maji ya mto yakapungua. Mchana mmoja Bi Mwanahawa akapanda mlima kamshika Babu Manjano kwapani, nusu anamtembeza, nusu anambeba. Midomo ya mzee ilikuwa ya buluu, meno yanagongana, hakuweza hata kukohoa. Bi Mwanahawa alikuwa anasali kwa namna anayoijua, macho yako juu kwenye pango, anatafuta kitu kimoja tu. Akakiona: moshi mwembamba.

"Upo, Babu," akasema. "Moto upo."

Akamvua shuka iliyolowa, akamfunga kavu, akamkalisha mekoni, akamnywesha maji ya moto. Jioni ilipofika rangi ya midomo ilirudi, na kikohozi kikarudi nacho, na Bi Mwanahawa alifurahi kukisikia. "Mama amekwenda vizuri," akawaambia waliokuwepo. "Babu hakusema neno. Alikaa tu, mama akatulia."

Waliokuwepo walikuwa ni Kima na Nguchiro, maana moshi uliwaita na wao. Kima alikuwa amenenepa. Nguchiro alikuwa kashika mguu mmoja wa kaa.

"Mwalimu," akasema Kima, "tuamulie. Siku ile uliposema kaa yangu, ulikusudia kukaa, au huyu wa mtoni, au hili la moto?"

Babu Manjano akashangaa. "Nilisema kaa yangu?"

"Ulisema."

"Ngeli zinanishinda," akasema. Akaangalia meko, akaangalia pale palipokuwa na kitanda cha nyasi, akaelewa. "Pimbi, wewe ulijuaje?"

Wakamgeukia Pimbi. Alikuwa amejikunja ndani ya majivu ya pembeni, mwenyewe rangi ya majivu, mgongoni ana doa la kuungua, anakoroma.

Kima akapata nafasi aliyokuwa anaitafuta. "Mwone, Mwalimu. Siku kubwa kama hii, kalala."

Babu Manjano akavuta shuka yake, akamfunika.

"Mwacheni," akasema. "Ataamka."

Ndiyo maana mpaka leo Pimbi ana rangi ya majivu, na ukimtazama mgongoni utaliona lile doa. Usiku ukimsikia anapiga ile kelele yake mbaya, usiogope, hakuna aliyemdhuru. Ameamka. Nguchiro mpaka leo yuko mtoni anatafuta kaa wa kumfaa mzee, na hao wasiofaa anawala. Na Kima? Kima anazunguka vijijini kuwafundisha watu namna ya kutunza moto. Anafundisha vizuri sana, na wanamlipa ndizi.

Hadithi yangu imeishia hapo, palipobaki majivu. Inukeni mkalale, ila mmoja wenu asisahau kufukia moto.

Shemeji Mbaruku. Shemeji. Alaa, umeamka? Basi kaa, fukia wewe.